Tabaka Kumi na Nne za Saruji

Abiria wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa kukaa karibu na jiko. Aliinua kikombe chake kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akamwuliza Bimdogo, "Mwanangu, hii ni chai au maji ya moto?"

"Maji ya moto, mwalimu. Majani sijatia bado."

"Basi usijisumbue. Rangi imeshakolea."

Watu wakacheka, na Bimdogo akacheka nao. Lakini alipofungua bomba na kuyatazama maji yakitiririka mekundu, chembe nyeusi zikizama chini ya sufuria, kicheko kilimwisha. Akapanda juu kumwambia baba yake.

Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye boti na mwendeshaji wake, na watu wote walimwita Nahodha, hata dada zake wa tumbo moja. Boti ilichukua abiria sitini na mizigo yao, siku tatu kwenda na kurudi, kwa hiyo maji ya kunywa hayakuwa jambo la mchezo. Yalikaa katika tangi la chuma la lita elfu mbili, chini ya sakafu ya chumba alicholala Nahodha mwenyewe. Tangi hilo liliwekwa wakati boti ingali mbavu tupu, kisha sakafu ikajengwa juu yake.

"Tangi lile lina miaka kumi na tisa na halijanisumbua hata siku moja," alisema Nahodha, macho yakiwa mbele. "Chuja kwa kitambaa."

Bimdogo alichuja. Wiki ya pili kitambaa kilionekana kama kimefungwa kwenye kidonda. Wiki ya tatu, katikati ya safari, bomba lilikohoa mara mbili, likatoa hewa tupu. Walipoinua mbao za sakafu kwenye chumba cha injini walikuta maji yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Nahodha alichovya kidole akaonja. Hayakuwa na chumvi. Maji yote ya kunywa yalikuwa yamemwagikia ndani ya boti.

Walirudi kwa maji ya chupa na lawama za abiria. Kesho yake, boti ikiwa imefungwa gatini, Nahodha alimwita fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno mengi na kitambi kilichomtangulia kila aendako. Fundi alifungua kifuniko cha tangi pale chini ya kitanda, akalala kifudifudi, akaingiza mkono na nyundo ndogo. Akaanza kugonga. Ngo. Ngo. Ngo. Kisha ikasikika sauti nyingine, laini, kama mtu amegonga boksi. Fundi akautoa mkono. Kichwa cha nyundo kilikuwa kimepita upande wa pili.

"Ziba," alisema Nahodha. "Weka kipande."

"Nitakiweka juu ya nini? Nikichoma hapa, patatoboka pale. Na hii ni nusu tu ya tangi. Kuna ukuta katikati, wa kuzuia maji yasiyumbe, na tundu la kupita kwenye ukuta huo ni la mtoto. Mimi na kitambi hiki tutakwama, mje mniokoe kwa msumeno." Akachota kitu kutoka ukingoni mwa kifuniko, kipande cha kijivu kama ganda la yai, akakiinua kwenye tochi. "Ila kuna kitu kimenishangaza. Unaona hii? Saruji. Imekorogwa nyepesi kama uji, ikapakwa kwa brashi ili kutu isishike. Safu juu ya safu. Nimehesabu kumi na nne, halafu zikakoma. Nani alikuwa anaingia humu?"

"Hakuna aliyekuwa akiingia," alisema Nahodha.

Bimdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Basi mtafute huyo hakuna," Fundi alisema, "au mwite yule mama wa matangi wa mjini, anayesafisha matangi ya maghorofa. Mwembamba kama uzi. Ana vijana wanne chini yake, na huwaambii kitu."

"Baba," Bimdogo alisema taratibu, "huyo ni Mama."

Nahodha alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkewe wa zamani aliitwa Sindano tangu usichana wake, kwa wembamba, na jina likamganda. Waliachana miaka mitano iliyopita. Siku moja, mbele ya mabaharia, Nahodha alisema kwa utani, au aliloliona yeye kuwa utani, kwamba katika boti hii kila mtu ana kazi yake isipokuwa mke wa nahodha, ambaye ni abiria asiyekata tiketi. Mabaharia walicheka. Kituo kilichofuata Sindano alishuka na begi moja, na talaka akaidai mwenyewe.

Kwamba alikuwa "akisafisha tangi", hilo Nahodha alilijua. Kila mwaka boti ilipopandishwa nchi kavu kupakwa rangi, yeye alikwenda kwao wiki mbili kupumzika, na mkewe akabaki kuangalia vyombo. Kichwani mwake kusafisha tangi kulikuwa kitambaa na ndoo kutokea kifunikoni, kazi ya asubuhi moja. Aliporudi, maji yalikuwa safi. Kwa nini aulize?

Alimwendea kesho yake. Ofisi ya Sindano ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye ngazi, kamba, brashi za waya na feni kubwa yenye bomba refu la turubai. Yeye alikuwa mezani akiandika ratiba. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni. Wembamba ulikuwa uleule.

"Karibu, Baba Bimdogo. Mtoto mzima?"

"Mzima. Anakusalimu. Nimekuja kikazi."

"Hapa wote wanakuja kikazi. Kaa." Akamsogezea kiti. "Tangi?"

"Tangi."

"Lilipakwa lini mara ya mwisho?"

Nahodha alitazama feni. "Si unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Nataka nisikie kama na wewe unajua."

"Jana ndiyo nimejua," alisema Nahodha, na Sindano akaandika jina la boti kwenye ratiba yake.

Alikuja na masharti. Tangi liachwe wazi siku mbili, feni ikipuliza ndani mchana kutwa, kwa sababu kutu hula hewa, na tangi lililofungwa linaweza kumlaza mtu usingizi asiamke. Fundi akae nje na kamba. Na mtu mwingine akae palepale kwenye kifuniko, aite kila baada ya muda mfupi, mpaka ajibiwe.

"Vijana wangu leo wapo ghorofani," alisema siku ya tatu, akivaa glovu. "Kwa hiyo ataita Nahodha."

Akajifunga kamba kiunoni, akashusha miguu, mabega, kichwa. Dakika moja baadaye mwanga wa tochi yake ulipita tundu la ukuta, ukabaki mng'ao mdogo tu upande wa pili. Nahodha alipiga magoti sakafuni, feni ikivuma kando ya sikio lake.

"Sindano!"

"Nipo."

Nyundo ikagonga. Mikwaruzo ya brashi. Akasubiri.

"Sindano!"

"Nipo. Huku pabaya kuliko kwenu."

Aliita, akaita. Magoti yalianza kumwuma, na ndani ya dakika kumi alikuwa amelowa jasho ingawa alikuwa amekaa tu. Hakujua kwamba tangi lake lilikuwa na sauti namna ile, kila kitu kikirudi mara mbili. Akajikuta anauliza, "Ulikuwa ukiingia na nani?"

"Peke yangu."

"Nani alikuwa akiita?"

"Nani angeita? Wewe ulikuwa kwenu." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayemweleza mteja. "Mwaka wa tisa niliishiwa hewa humu. Sikujua habari za kutu kula hewa, nilijifunza siku hiyo. Niliona nyota. Nikatambaa nikatoa kichwa hapo ulipo wewe, nikalala sakafuni mpaka jua lilipozama. Jioni ukarudi kutoka kwenu, ukaniuliza mbona chakula hakijaiva."

Nahodha aliitafuta siku hiyo akilini mwake. Aliitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko. Hakuipata. Zilikuwapo siku nyingi za chakula kuchelewa, na zote aliuliza vilevile.

"Nahodha!" Sindano aliita kutoka ndani. "Usinyamaze. Kazi yako hapo ni kuita."

"Sindano," alisema.

"Nipo."

Alipotoka alikuwa mwekundu wa kutu kuanzia kope hadi vidole. Bimdogo alimpa mama yake taulo na maji. Sindano alikunywa kwanza, kisha akaweka mbele ya Nahodha kipande cha chuma ukubwa wa kiganja. Alikivunja kwa vidole viwili kama biskuti.

"Chini yote ni hivi."

"Na tukipaka saruji upya? Hata tabaka tatu, nne?"

"Saruji inalinda chuma. Hapa hakuna chuma cha kulindwa. Kateni sakafu, mlitoe, mtengeneze jipya." Akamgeukia Fundi. "Na lipya liwe na vifuniko viwili, kila upande wa ukuta kimoja, vipana, vya kupita mtu mzima na kitambi chake. Asizaliwe tena mtu wa kuingia kwa kujikunja."

"Umesikia, Nahodha?" alisema Fundi. "Natetewa."

Fundi alipotoka kwenda kuchukua vipimo, na Bimdogo akaenda kumwaga maji machafu, Nahodha alibaki na mkewe wa zamani katika chumba ambamo wote wawili waliwahi kulala miaka kumi na nne. Alikuwa amepanga maneno. Mengi yalimpotea, yakabaki machache.

"Nisamehe, Mama Bimdogo. Si kwa utani ule tu. Kwa kutokuuliza."

Sindano alijifuta shingo polepole. "Nimekusikia," alisema. "Utani ule niliusahau mapema kuliko unavyodhani. Kutokuuliza ndiko kulikochukua muda." Akakunja taulo, akaliweka kitandani. "Lipya likifika niite. Nitamwonyesha mtu wa kupaka. Mmoja tu, na awe wa humu ndani ya boti."

Sakafu ilikatwa. Tangi la zamani lilitoka vipande vipande, likipukutika njiani mpaka gatini. Lipya lilichukua wiki tatu. Siku ya kupaka, Sindano alikuta mtu wa humu ndani ya boti yuko tayari, amevaa kaptura, ana brashi mpya mkononi. Alikuwa Nahodha mwenyewe.

Hakucheka. Alimwonyesha kiasi cha saruji na maji, namna ya kuipitisha brashi kwa mduara bila kuacha kona, namna ya kuulowesha ukuta ili saruji isikauke haraka ikapasuka. Aliita kutoka juu na Nahodha akajibu. Kufikia mchana mabega ya Nahodha yalikuwa yanatetemeka, na saruji ilikuwa imemla ngozi kati ya vidole, kwa kuwa alidharau glovu. Alikuwa amemaliza nusu ya tabaka la kwanza.

"Yatosha kwa leo?" Sindano aliuliza.

"Wewe ulikuwa ukiishia wapi siku ya kwanza?"

"Nilikuwa nikimaliza."

Akaendelea mpaka akamaliza. Sindano alipoaga alimwambia binti yake tabaka la pili lipakwe kesho, yeye ana ghorofa la kusafisha. Alishuka kwenye ubao, akapanda pikipiki ya mmoja wa vijana wake, akaenda zake.

Siku kadhaa baadaye, saruji ilipokuwa imekomaa, walijaza tangi kwa mara ya kwanza, wakalimwaga, wakalijaza tena. Bimdogo alikuwa amejizuia siku zote hizo.

"Baba, ulimwomba arudi?"

"Hapana."

"Ulitaka?"

Nahodha alifikiri kwa haki. "Nilitaka. Lakini ana kazi yake, na ameijenga vizuri. Niliomba msamaha, akanisikia. La kurudi si la kuombwa na mimi."

Bimdogo alikinga kikombe bombani, akayatazama maji. Yalikuwa meupe, yanaonyesha mpaka chini. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Bado yana ladha ya saruji."

"Tumwage tena, basi," alisema Nahodha. Akainuka kufungua koki, na wote wawili wakakaa kwenye ngazi kusubiri tangi liishe maji.