Sisimizi wa Mzee Sostenes

Nyumbani kwa marehemu mzee Sostenes, kule Mlali, sisimizi waliogopwa. Mzee alipokuwa hai, kila alipokojoa nyuma ya zizi, walimiminika palepale kama wamealikwa harusini. Mkewe alimwaga majivu, akafukia, na watoto wakaambiwa wasiulize. Mzee akakonda, akakatwa mguu, akafa. Hata msibani hakuna aliyetamka neno sukari.

Gerson, mwanawe wa kiume pekee, alihamia Ihumwa, akawa fundi wa kuchomelea mageti, akamuoa Paulina. Miaka ikapita, mtoto hakuna. Asubuhi moja, anapiga mswaki nyuma ya nyumba, akawaona: msururu mweusi umejaa palepale alipokojoa jana yake. Akachota majivu jikoni, akawafukia kabla Paulina hajatoka.

Kesho yake wakarudi, na keshokutwa pia. Mwishowe alimweleza mama yake, na mama wala hakushangaa.

"Baba yako anadai jina lake," alisema.

Maana yake mjukuu ndiye wa kubeba jina la babu, na marehemu amechoka kusubiri. Kama Paulina hazai, basi aletwe mwingine.

Na Gerson, mwanaume mzima na ndevu zake, akaamini! Akawa anasikia mkongojo wa baba yake ukigonga sakafu. Kiu haimwishi, macho yanaona ukungu, yeye anasema ni mzee huyo. Paulina naye ananyweshwa mizizi michungu mpaka anatapika, na mashangazi wanamkagua tumbo kama mbuzi wa mnadani. Jamani, yule mwanamke alivumilia.

Ikapangwa siku ya kikao Mlali, ndugu wakae, Paulina arudishwe kwao. Hapo ndipo alipomshika mumewe mkono, akaomba jambo moja tu: wakapime wote wawili, halafu kama ni kufukuzwa, afukuzwe kwa haki.

Wakaenda hospitali mjini. Paulina alikutwa hana tatizo. Gerson alikuwa na sukari, tena ya muda mrefu. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza kuwa sukari ikiachwa hivyo inaweza kudhoofisha mbegu za mwanaume. Akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Gerson naye akauliza, kwa sauti ya chini, kama mkojo wa mgonjwa wa sukari huvuta sisimizi. Daktari akasema huwavuta. Akaongeza kuwa akitumia dawa huenda mtoto akapatikana, ila huyo mtoto naye itabidi aangaliwe, kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwenye damu.

Gerson alitoka pale, akashika njia ya nyumbani. Angeweza kunyamaza, maana Mlali nani angejua? Paulina alimwachia aamue mwenyewe.

Siku ya kikao mama yake alipoanza kumshtaki Paulina mbele ya wajomba, Gerson akasimama.

"Mama, mwenye tatizo ni mimi. Baba hadai kitu. Baba alikuwa anaumwa, na wewe ukafukia."

Mama akaangua kilio kama aliyefiwa upya. Paulina akachukua mkoba wake, akatoka. Gerson alimkuta barabarani, akamwomba msamaha, na alisamehewa taratibu sana, si siku hiyo.

Dawa alimeza. Soda na ugali wa kujaza sinia akaviacha. Ilichukua muda, lakini Paulina akapata mimba, akajifungua wa kiume. Bibi aliomba jina, na Paulina, moyo wake mkubwa, akakubali. Akaitwa Sostenes.

Sasa Sostenes anakimbia, anaongea. Kila asubuhi akienda kukojoa nyuma ya nyumba, Gerson humfuata, akachuchumaa, akakagua udongo. Paulina amemkataza. Amemkumbusha kwamba mtoto amepimwa, hana kitu. Gerson anasikia, anaitikia, na kesho yake anachuchumaa tena. Anaogopa, na ameshindwa kuacha kuogopa.

Juzi alipitiwa na usingizi. Alipozinduka kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu, akatoka mbio peku. Alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mwenyewe, uso karibu na ardhi, kidole kikipita polepole kwenye udongo uliolowa.

"Baba," mtoto alisema bila kuinua macho, "bado hawajaja."