Neno la Bibi Harusi

Siku ya kupatana mahari, Edah alikuwa jikoni kwao Kamukuywa akichagua mchele, nguo zake bado zikinukia ndizi mbivu za maabara. Kule Kitale kazi yake ilikuwa kuchunguza macho ya nzi wa matunda. Jicho la nzi limejengwa kwa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina seli nane za kupokea mwanga. Ya saba haijui itakuwa nini mpaka jirani yake aiambie. Jeni inayompa jirani huyo sauti, wataalamu waliibatiza jina la bibi harusi. Bibi harusi akinyamaza, seli ya saba haioni kitu; inaishia kuwa lenzi, kioo kitupu.

Sebuleni waliketi wazee saba wa ukoo wake, na wageni kutoka Naitiri. Ng'ombe walikubaliwa upesi. Kisha wageni wakasema msichana ataacha kazi, kwani hata Naitiri nzi wako. Wazee wakacheka, wakakubali. Walijua kuuliza si ujinga, ila kumuuliza Edah waliona ni kupoteza wakati. Hapo Mzee Mukhisa, aliyeketi wa saba kutoka mlangoni, akageuka kioo.

Edah, aliyesikia yote kutoka jikoni, alimkuta hivyo alipoleta chai. Kalenda ya ukutani ilisomeka kupitia tumbo lake, tena kwa herufi kubwa. Mzee Absalom, aliyesahau miwani nyumbani, alimsogeza kidogo akasoma tarehe ya arusi.

Edah akamnong'oneza mama yake, aliyekuwa akigawa vikombe. "Mama, dawa yake ni neno langu tu. Si waniulize kama nataka kuacha kazi?"

"Ati wakuulize? Bibi harusi haongei kwa mkutano ya wazee. Na usimmwagie chai, itaonekana."

Ilimuuma Edah. Kazi ile aliipenda kuliko alivyompenda yeyote mle ndani, bwana harusi akiwemo.

Mwishowe Mzee Absalom akamgeukia. "Edah, mwanangu," akasema, na sebule nzima ikamwangalia. "Hebu tuambie. Sukali iko?"

"Iko," Edah akajibu.

Kidole kidogo cha Mzee Mukhisa kikarudi kuwa nyama, kikajikunja, kikajikunjua. Kila mtu alikiona. Wakapokezana sukari, Mzee Absalom akafunga mkutano kwa maombi, na Edah akapewa kitambaa ampanguse Mzee Mukhisa, maana watu walikuwa wamemshikashika na kumwachia alama za vidole.