Maji ya Febe

Maji yalipokupwa Jumatano asubuhi, wanawake wa shamba la Bi Jokha waliteremka ufukweni Utende kufukua makumbi ya nazi waliyoyafukia mchangani miezi sita nyuma. Makumbi yakishaoza vizuri kwa maji ya chumvi hupigwa magongo mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Kazi hiyo inanuka, na anayeifanya hunuka nayo mpaka Ijumaa.

Mize alifanya kazi huku kaniki ya kichwani imeshuka hadi kwenye nyusi. Chini yake palikuwa na matone matatu ya maji ambayo hayakuwa yamekauka kwa miaka kumi na minne. Padri wa misheni moja ya bara alimmwagia maji hayo akiwa msichana, akamwita Febe. Wiki tatu baadaye walikuja watu wenye bunduki. Alipofikishwa hapa kisiwani Mafia akapewa jina la Mize, kwa kuwa Mize mwenyewe, mjakazi wa kabla yake, alikuwa amekufa Jumatatu na gongo lake halikuwa na mtu.

Mwanzoni Bi Jokha alidhani ni jasho la homa. Mwalimu Muhidini aliandika kombe la aya za Kurani kwa zafarani na marashi, akaliosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Matone yalinukia marashi siku saba, kisha yakarudi kuwa maji, na mambo yakaachwa hapo.

“Shoga, leo unalia au unavuja?” aliuliza Somoe, mjakazi mwenzake aliyefukua naye shimo moja.

“Navuja.”

“Afadhali. Kulia kunachelewesha kazi.”

Siku hiyo zilifika habari kwamba Zubeda, binti wa Bi Jokha, amejifungua salama. Mama yake alikuwa ameweka nadhiri: mtoto akitoka salama, atamwacha huru Mize. Hati ingeandikwa Ijumaa alasiri.

“Utakwenda wapi?” Somoe aliuliza.

“Bara. Nikawatafute watu wangu.”

“Ukifika utasema wewe nani? Huko wanamjua Mize?”

Mize aliinua gongo. Alilipiga kumbi moja kwa muda mrefu mno, mpaka nyuzi zote zikakatika.

Ijumaa walikaa barazani: Bi Jokha, majirani wawili wa kushuhudia, na Mwalimu Muhidini na kalamu yake. Mwalimu alisoma alichoandika, kwamba Bi Jokha binti Muhsin amemwacha huru mjakazi wake Mize kwa ajili ya Mungu. Ilibaki aitwe, aitike, achukue karatasi.

“Mize,” Mwalimu akaita.

Yeye akavua kaniki kichwani. Miaka kumi na minne alikuwa ameliitikia jina lile kwa hofu. Kuliitikia sasa kwa furaha kulimtisha zaidi, kwa maana Mungu alikuwa amemwita kwa jina moja, na hakuwahi kumletea jingine.

“Mimi ni Febe,” alisema. “Ni Mkristo. Nilibatizwa kabla sijaletwa huku.”

Matone yalishuka, yakafuatwa na mengine, maji yakaanza kutandaa mkekani. Shahidi mmoja alisogeza viatu vyake. Mwalimu aliinua karatasi isilowe.

“Tangu lini?” aliuliza Bi Jokha.

“Tangu zamani, bibi.”

“Na hukusema.”

“Sikuulizwa.”

Bi Jokha hakukasirika. Dini ya mtu, alisema, ni baina yake na Mola wake. “Lakini huyo Febe mimi simjui. Niliyemwekea nadhiri ni Mize.”

“Ni mtu mmoja, Bi Jokha,” alisema Mwalimu.

“Mwenyewe kakana, na mashahidi wamesikia. Mize yu huru, nadhiri imetimia. Hati itiwe sandukuni.”

“Na huyu?”

“Huyu ana kazi yake ya siku zote.”

Mwalimu akamwinamia. “Mwanangu, sema tu wewe ni Mize. Neno moja, uchukue karatasi yako.”

Alilitaka bara. Maji yalikuwa yamefika vidoleni mwake, vuguvugu.

“Siwezi, Mwalimu. Nikisema hivyo, atakayekwenda bara ni yeye. Mimi nitabaki.”

Mwalimu alifunika wino wake, akaondoka bila kunywa kahawa. Hati ikatiwa sandukuni, chini ya kanga za Zubeda. Tangu siku hiyo watu wakiuliza habari za Mize waliambiwa kaachwa huru, kaenda zake, na wote walimtakia heri.

Febe alifanya kazi kichwa wazi. Visima vya Utende vina chumvi, kwa hiyo Somoe alikinga kifuu chini ya kidevu cha Febe, akanywa, akasema maji haya matamu. Wengine wakaja na vifuu vyao, mmoja mmoja, na yalitosha.

Bi Jokha alilijua jina lile upesi, akalitamka vizuri kuliko wote. Jumamosi alisimama mlangoni akaita kwa upole:

“Febe!”

“Labeka, bibi.”

“Makumbi ya leo mia mbili.”

Febe alijitwisha kikapu, akateremka. Alifurahi kuitwa, na makumbi yalikuwa mia mbili.