Mashine Iliyoona kwa Macho ya Bi. Mwanakuu

Bramwel aliuliza bajeti kwanza, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Duka lake lilikuwa ghorofani Biashara Street, juu ya duka la leso, na wateja wake walipanda ngazi wakifuatwa na harufu ya nguo mpya. Fuad alitaja kiasi chote kilichokuwa kwenye simu yake, bila kubakisha hata cha chai.

"Hiyo ni pesa nzuri," alisema Bramwel. "Lakini sikiza, ndugu yangu. Kompyuta ya gemu ni kama pilau. Ukimaliza zote kwa nyama, utakosa mchele."

Wakapanga. Kadi ya picha ilikula karibu nusu, maana ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na Fuad alitaka kuona mpaka jani la mti ulio mbali. Prosesa wakachukua ya wastani. Kwenye pawa, kile kifaa cha kugawia mashine umeme, Bramwel alimkataza ubahili, kwani pawa mbovu ikiungua huondoka na wenzake. Kasha la kioo na feni za taa alimwambia ni urembo tu, havina kazi. Fuad akavichukua. Akamalizia na skrini pana kuliko zote dukani, na hapo pesa zikatosha sawasawa, utadhani ziliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Ziliwekwa kwa kazi nyingine. Zilikuwa za macho ya bibi yake, Bi. Mwanakuu.

Bi. Mwanakuu ndiye aliyemlea Fuad tangu mamake alipofariki, katika nyumba yao ya Ndia Kuu. Alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile zinazodariziwa vitundu kwa mkono, na hapakuwa na bwana arusi anayejiheshimu ambaye hakutaka kofia iliyopita mkononi mwake. Vile vitundu vidogo, kila kimoja kuzungushiwa uzi, vilimla macho yote mawili. Alipoambiwa ana mtoto wa jicho, aliuza kofia zote alizokuwa ameziweka sandukuni, akataka pesa zikae kwenye simu ya Fuad, kwa kuwa yeye tarakimu hazioni tena. "Nakupa amana, mwanangu," alimwambia. Hakuweka shahidi. Nani humwekea mjukuu wake shahidi?

Fuad hakukusudia kula amana. Alikusudia kuiazima. Kulikuwa na timu ya wacheza gemu iliyokubali kumchukua pindi atakapopata mashine yake mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, alivirithi kwa bibi. Angeshinda, angerudisha, na hakuna ambaye angejua. Baada ya Idi, siku waliyopangiwa kuulizia upasuaji, alikwenda peke yake mpaka lango la hospitali ya macho, akanywa soda kibandani, akarudi nyumbani.

"Daktari asemaje?" aliuliza Bi. Mwanakuu.

"Asema mtoto wa jicho hajakomaa, bibi. Tungoje."

Bi. Mwanakuu aliitikia kwa kichwa. Marehemu mamake mwenyewe naye aliambiwa hivyo hivyo zamani, basi neno halikuwa geni masikioni mwake. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa njia ya Mji wa Kale, ilikuwa na kona.

Mashine ilifungwa chumbani kwa Fuad, juu. Feni zikazunguka, taa zikawaka buluu na zambarau, na skrini ikaonyesha ukungu. Ulikuwa ukungu wa kijivu, umetulia, na kwa kuwa kadi ilikuwa nzuri, ulionekana vizuri sana. Fuad alizima akawasha, akabadilisha nyaya, ukungu ukabaki pale pale. Kisha katikati yake pakapita kitambaa cheupe na vidole vyenye hina iliyoanza kufifia. Vidole hivyo alivijua. Akashuka ngazi, akamkuta bibi yake ukumbini amekisogeza kitambaa mpaka puani, anatafuta tundu. Alipopanda tena, kitambaa kile kile kilikuwa kwenye skrini. Haya zilimshika. Akaifunika skrini kwa shuka.

Bramwel alikuja na bisibisi yake, akafunua shuka, akafungua kasha, akatazama.

"Kadi haina shida. Picha ni safi," alisema. "Ulinunua kwa pesa gani?"

Fuad alianza kukunja shuka.

"Hutokea," alisema Bramwel, akirudisha skrubu mahali pake. "Nina mteja wa mtaa wa Tudor, alijenga mashine kwa karo ya dadake. Yake huonyesha lango la shule, limefungwa. Gharanti haigusi mambo hayo." Akaongeza kwamba, kwa kuwa vifaa vilikuwa bado vipya, angevichukua wiki hiyo na kumrudishia pesa zake, ila ujira wa kufunga.

Fuad alikubali. Alitoa maboksi uvunguni, akaanza kuyapanga. Huko chini, Bi. Mwanakuu aliswali adhuhuri, akala, akajinyoosha kitandani kulala kidogo. Alipofumba macho, ukungu ukaondoka kwenye skrini na gemu likafunguka, rangi zote mahali pake, majani ya mbali yakihesabika. Fuad aliketi ajaribu kidogo tu. Alicheza mpaka bibi alipoamka. Timu ikamsifu sana siku ile, na maboksi yakarudi uvunguni.

Tangu hapo alikuwa na huruma nyingi. Alimpelekea bibi maziwa ya moto yenye iliki, akamtandikia, akamwambia, "Pumzika, bibi, wajichosha macho bure." Bi. Mwanakuu alihadithia mtaa mzima kwamba hakuna mjukuu kama wake. Kila aliposifiwa hivyo, Fuad alitazama chini, na watu wakasema ana adabu.

Khairiya, jirani wa nyumba ya pili, alipanda siku moja na sahani ya mahamri, akaiona skrini kupitia mlango wazi akiwa bado ngazini, huku Bi. Mwanakuu akimfuata kwa macho kutoka chini.

"Huyo apandaye ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mbona sina pua?" Khairiya alitengeneza buibui yake. "Kumbe siku zote hizi Bi. Mwanakuu anijua kwa sauti. Hamumpeleki hospitali?"

"Hajakomaa."

"Haya," alisema Khairiya, akaweka mahamri mezani.

Alipoteremka alimweleza Bi. Mwanakuu kwamba mashine ya Fuad huona akionacho yeye, naye akafurahi kwamba macho yake yamepata msaidizi. Ikawa mazoea. "Fuadi!" angeita kutoka chini. "Hebu niangalilie, mkasi nimeutia wapi?" Fuad angekodolea macho ule ukungu na kumjibu, "Kushotoni kwako, bibi, karibu na mto." Mara nyingi alipatia. Akipatia, bibi humwombea dua, na dua hizo zilimchoma kuliko matusi.

Siri ya mtungi aijua kata. Fuad peke yake aliona jinsi ukungu ulivyokuwa ukikomaa, wa kijivu ukawa wa maziwa, wa maziwa ukawa kama chai iliyomwagikiwa na masizi. Kisha gemu likaanza kufunguka jioni kabla bibi hajalala. Baadaye likafunguka alasiri. Fuad alijua maana yake. Alikutana na Bramwel njiani, na Bramwel akamwambia bila kuulizwa kwamba vifaa sasa ni mkono wa pili, bei yake haifiki hata nusu. Fuad alishukuru kwa taarifa. Ukweli, alishukuru zaidi kwamba mlango wa kurudisha umefungwa, na alijionea aibu njia nzima mpaka nyumbani.

Siku ya fainali ya ligi ilikuwa asubuhi ya jua kali. Skrini ilikuwa safi kabisa, bila hata doa la ukungu. Milima ilionekana, na kila jani peke yake. Wenzake walikuwa wamekwishaingia, jina lake likiwa juu kuliko yote, wakimngoja.

"Fuadi!"

"Naam, bibi!"

"Hebu nambie, mashine yaonani saa hizi?"

Fuad alisogea mpaka kichwa cha ngazi, akachungulia. Bi. Mwanakuu alikuwa ameketi mlangoni, jua limemwangukia usoni, macho yako wazi na hayapepesi. Kofia ilikuwa mapajani. Mkono wake ulikwenda na kurudi, taratibu, kama ulivyofanya maisha yake yote, na sindano haikuwa na uzi.

"Yakuona washona, bibi. Kofia nyeupe."

"Yaonekana vizuri?"

"Vizuri sana."

"Alhamdulillahi," alisema Bi. Mwanakuu. "Basi bado naona."

Akaendelea kushona. Fuad alirudi kitini, uso umemwiva kwa haya, akavaa vipokeasauti na kuwaambia wenzake kwamba yuko tayari.