Mipira Mitatu ya Bernadine

Korongo, timu ya besiboli ya mji mdogo, walikuwa wameshindwa mara tisini na sita msimu ule, na siku ya mwisho walikuwa wanashindwa tena, bila haraka, kama watu wanaomalizia uji uliopoa. Bernadine Wojtas, mwenye miaka sabini na mitatu na kinywa kisicho na breki, alikuwa kwenye kiti chake safu ya kumi na nne, daftari la mchezo mapajani, kalamu ya risasi sikioni. Kiti kile alikuwa nacho mwaka wa arobaini na moja sasa, na mgongoni kilipigiliwa kibao cha shaba chenye jina lake. Waume wawili walikuja wakaondoka. Kiti kilibaki.

Leo alikuja kukiacha.

Kila mwaka wenye viti vyao walipewa fomu: unakitaka msimu ujao, au hukitaki? Ilitakiwa irudishwe kwenye dirisha la tiketi siku ya mwisho, kabla lango halijafungwa. Ukisema hukitaki, kibao kinang'olewa na miaka yako inafutika. Bernadine alishaweka alama penye "sitaki", mezani kwake, huku dada yake Ottilie akimpigia kelele kwenye simu. Ottilie alihamia jiji kubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari, ambako timu ilishinda mpaka watu wakachoka kushangilia. Alimwambia aje aonje ushindi kabla hajafa. Neno hilo lilimchoma Bernadine kwa sababu alijaribu kuikumbuka ladha yenyewe, ikamkataa.

Hakumwambia mtu, hasa Lonnie Haverty, tarishi mstaafu aliyekaa nyuma yake na kumdondoshea maganda ya karanga kwenye kola kwa miaka ishirini. Lonnie aliamini kila mwaka kwamba mwaka ujao ndio wenyewe. Mtu huyo angeweza kuishabikia hata mvua.

Lakini aliyemmaliza Bernadine imani alikuwa kijana mmoja, Edwarlin Mota, aliyetoka Jamhuri ya Dominika na kupewa alinde kituo cha tatu, adake mipira inayopigwa upande ule. Kila mchezaji alipokosea, Bernadine aliweka duara jekundu daftarini, na kurasa za Mota zilionekana kama zina surua. Basi katika raundi ya saba mpira ukatambaa kuelekea kwake, mpira wa kumpa mtoto, ukampita katikati ya miguu. Bernadine akasimama.

"Mota, mwanangu! Huo hata mimi ningeudaka, na nyonga yangu ni ya bati!"

Watu wachache waliobaki wakacheka. Kule chini mwalimu mzee wa timu, Cletus Arbogast, akageuka taratibu, akaangaza macho safu kwa safu mpaka akamwona, akamtazama kama mtu anayeshika namba ya nyumba atakayoirudia.

Wakafungwa kumi na moja kwa mbili. Ndipo likafunguliwa lile lango dogo la chini. Ilikuwa desturi ya Korongo: mchezo wa mwisho ukiisha, watazamaji hushuka na kutembea juu ya nyasi mpaka jua lipotee nyuma ya nguzo za taa. Miaka arobaini Bernadine hakushuka hata mara moja. Alisema meza ya kulia haikanyagwi. Lakini leo alikuwa anaondoka, na mgeni anayeondoka huchungulia hata chumba cha ndani. Akashuka, fomu imo mkobani.

Mguu wa kwanza ulipogusa nyasi, akasimama.

Kutoka safu ya kumi na nne uwanja ulikuwa kitambaa cha meza, unauona wote bila kugeuza shingo. Huku chini ulikuwa nchi. Nyasi zilikuwa laini na baridi, na ardhi ilipanda kidogo katikati kama kifua cha mtu aliyelala. Ule ukuta wa mwisho, ambao amewatukana wanaume wengi kwa kushindwa kuuvusha mpira, ulikuwa mbali hata akadhani umesogezwa. Aligeuka kukitafuta kiti chake asikione. Watu wote walizungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Mzee mmoja alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea na soksi.

"Wewe ndiye bibi wa safu ya kumi na nne," Cletus akasema. "Ulisema ungeudaka. Haya, udake." Alikuwa amesimama na gongo lake la kupigia mpira begani, na pembeni Lonnie alikuwa anamwonyesha Bernadine kwa kidole, asije akakosewa.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Edwarlin Mota mwenyewe alikuja, akavua glavu yake, akamvisha. Ilikuwa na joto na majimaji kama mdomo wa ndama. Akamsimamisha pale pale anaposimama yeye, kisha akabaki ubavuni mwake, karibu. Lonnie alimsihi mwalimu apige polepole. Cletus akakubali kwa uso wa mtakatifu. Mipira mitatu, akasema.

Wa kwanza, Bernadine alisikia mlio kama wa tawi kavu likivunjika, halafu kitu kikapiga mluzi karibu na goti lake. Alikuwa bado anausubiri mpira huo wakati umeshalala kwenye nyasi nyuma yake.

Wa pili aliuona. Uliviringika kwa adabu, chini chini, akainama kuupokea, na hatua mbili kabla ya kumfikia ukabadili nia, ukaruka kuelekea sikioni. Mkono wa Edwarlin, mtupu, ukapita mbele ya uso wake na kuunyaka. Pap. Upepo wa mkono ule aliuhisi kwenye kope.

Wa tatu aliuzuia, akiwa amefumba macho. Uliipiga glavu, ukaanguka miguuni, na kiganja kikawaka moto mpaka kwenye kiwiko.

"Hiyo ndiyo nguvu yako?" akamuuliza Cletus. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Robo yake. Na mimi nina kisukari."

Bernadine akaivua glavu, akamrudishia mwenyewe, akamwomba Cletus apige anavyopiga siku zote. Wakamrudisha nyuma hatua nyingi, pembeni, mahali salama. Watu waliokuwa wakitembea wakasimama.

Cletus alipiga mitano. Sasa Bernadine alikuwa kwenye usawa mmoja na mpira, na macho yake ya miaka arobaini na moja yakawa kama yamezaliwa asubuhi ile. Gongo lilipolia, Edwarlin alikuwa ameshaondoka. Hakuufuata mpira, alikwenda mahali ambapo mpira ulikuwa bado haujafika, akausubiri huko kwa nusu ya pumzi. Akauokota, akageuka angani, akaurusha. Mpira ukakata uwanja mzima umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na kule kituo cha kwanza glavu ya mwenzake ikalia kama mlango uliofungwa na upepo. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Halafu tena. Halafu tena, safari hii kwa magoti. Halafu tena, mpira ukiwa umeruka vibaya kama ule wa sikio la Bernadine, naye akaudaka huku anaanguka.

Mambo haya Bernadine alikuwa ameyaandika. Kila mpira aliodaka Mota msimu mzima ulikuwa daftarini, tarakimu mbili ndogo za kalamu ya risasi kwa kila mpira, mistari mia kadhaa, mmoja juu ya mwingine. Aliviandika kama mtu anavyoandika orodha ya sokoni, akaenda kutafuta kalamu nyekundu.

Wa tano ukamponyoka. Ulimgonga kifundo cha mkono ukakimbilia nyasini.

Hakuna aliyecheka. Edwarlin akajipangusa vumbi, akamgeukia Bernadine, akangoja.

"Sema tu, bibi," akamwambia. "Nimeshazoea."

"Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Namsikia nani tena? Wengine wote waliondoka Julai." Akaufuta mkono kwenye suruali. "Mama yangu yuko mbali. Ukinitukana, najua kuna mtu anatazama."

Bernadine akamshika kile kifundo kilichogongwa, akakitazama, akakiachia. Kisha akapanda ngazi, moja moja, akigeuka kila baada ya hatua tatu kuutazama uwanja kama mtu anayehofia utakuwa umekwenda.

Dirishani msichana wa tiketi alikuwa ameshavaa koti. Bernadine akaomba fomu nyingine. Ile ya kwanza, alisema, ilijazwa na mtu asiyekuwa na akili timamu. Msichana akampa bila kuuliza, maana watu wa kukigombania kiti kile walikuwa wachache kuliko meno ya kuku. Bernadine akaweka alama penye "nakitaka", akatafakari, akauliza kama kibao cha shaba kinaweza kuhama. Anataka safu ya kwanza, nyuma kabisa ya kituo cha tatu, pale ambapo mtu anasikia mpira unavyopita.

Lonnie alikuwa amefika, anahema. "Pale mipira inaingia kwa watu, Berna. Itakung'oa meno."

"Haya sikuzaliwa nayo. Yataagizwa mengine."

"Na utaendelea kumtukana yule kijana?"

"Kuanzia Aprili, kila mchezo. Akiwa karibu hivyo sitahitaji hata kupaza sauti."

Lonnie akageuza kofia yake mkononi mara mbili. Halafu akainama kwenye kioo, akamuuliza msichana kama safu ya pili, nyuma ya huyu mama, kuna nafasi.