Kijiti cha Mshazari

Yordanka hakuona tangu azaliwe, lakini kwa hesabu, jamani, humgusi. Mwalimu Zahari alimfundisha kwa vijiti alivyovichonga mwenyewe jikoni kwake, pale mjini kando ya mto Danubi. Vijiti viwili vimelala sambamba: sawa na. Ukivikata kwa kijiti cha tatu, cha mshazari: si sawa na. Yordanka alivipapasa mpaka vikalainika kama sabuni iliyotumika.

Mtihani wa kuingia shule ya hisabati ulikuwa mmoja tu, na umri wake ulimruhusu mara moja tu. Akifaulu, bweni na vitabu bure. Akifeli, kiwanda cha brashi cha wasioona, ambako mama yake, Tsena, asiyeona naye, alifunga manyoya ya nguruwe tangu ujana hadi vidole vikaota magamba.

"Usije kule," Tsena alimwambia kila asubuhi akimmiminia mtindi. "Nakuomba, mwanangu."

Siku ya mtihani wakamkalisha peke yake na kompyuta inayosoma kwa sauti. Maswali akayamaliza mbio mbio. Likabaki la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote. Sauti ikasema: "Ikiwa a ni sawa na b, tafuta..." Akairudisha. Ikasema vile vile. Mbona hivi? Kama ni sawa, kila kitu kinageuka sifuri, na swali zima ni upuuzi. Akainua mkono.

"Bibi, swali la mwisho halina kasoro?"

"Marufuku kuzungumzia maswali," alisema msimamizi, Bi Milcheva, hata karatasi hakuitazama. "Jibu kama lilivyo, binti."

Akajibu kama lilivyo. Sifuri, na sababu zake.

Matokeo yalipotoka jina lake halikuwamo. Akamweleza Zahari jibu alilotoa kwa swali la mwisho, naye akaja juu. "Sifuri? Wewe, Yordanka, sifuri? Nimekufundisha nini miaka yote hii?"

"Mashine ilisema a ni sawa na b."

"Haiwezekani! Shule ilinipa mimi niuchape mtihani ule, nami nimeuchapa kwa mikono hii!"

Hilo Yordanka hakuwa akilijua. Zahari akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Milcheva, akaufungua mtihani kwenye kompyuta. "Tazama, bibi. Kijiti hiki hapa, kimekatiza. Nani haoni?"

"Naona," alisema Bi Milcheva.

"Iache isome," alisema Yordanka.

Ikasoma: a ni sawa na b. Zahari akabonyeza tena. Ikarudia.

Loo, ubishi wa mtu mzima! Alama ya si sawa ipo ndani ya kompyuta, nzima, na namba yake ambayo mashine huisoma. Ila kwenye kibodi haimo, mpaka uitafute. Vijana wa shule walishamwonyesha Zahari namna ya kuitafuta, akawacheka. Yeye katika ujana wake alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, na huko alama iliyokosekana waliiunga kwa vipande. Basi akapiga sawa na, akachora mstari juu yake. Kwa macho imekamilika. Kwa mashine, mstari ule ni picha tu, na picha haisomwi.

"Kwa macho hakuna tofauti," alisema Zahari.

"Kwa macho," alisema Yordanka.

Bi Milcheva akaifunga kompyuta. "Nikikiri kasoro, itabidi wote warudie. Majina yameshakwenda wizarani. Poleni sana."

Walibishana hadi wakafungiwa mlango. Mwezi wa tisa Yordanka akaanza kazi kiwandani, benchi moja na mama yake.

Jumapili ya kwanza Zahari akaja na kompyuta kwapani, akaiweka mezani. "Nimesahihisha. Sikiliza." Sauti ikasema: "Ikiwa a si sawa na b, tafuta..."

Yordanka akalifumbua swali kwa mdomo, hatua kwa hatua, kahawa haijachemka. Halikumpa taabu hata kidogo.

"Ndilo jibu," alisema Zahari, na machozi yakamtoka. "Ndilo lenyewe, mwanangu."

"Najua, mwalimu. Sasa nenda nyumbani. Kesho tunaingia alfajiri."

Hakumwambia kwa ukali. Tsena alikuwa ameshamshika bintiye mkono, anampaka mafuta ya alizeti vidoleni, maana manyoya hukata sana wiki za mwanzo.