Aliyepiga Deki

Martha alipotoka kijijini Mgori kuja kufanya kazi za ndani kwa Radhia, muuza vitenge wa Singida Mjini, hakuwa amewahi kushika dekio. Kwao sakafu ni ya udongo. Unanyunyizia maji vumbi litulie, unafagia, basi.

Asubuhi moja alikuwa anadeki barazani. Mzee Mselemu, baba mkwe wa Radhia, alikuwa kitini, ameinua miguu ampishe. Mtaa mzima ulimwita Nahodha, kwa kuwa ujanani alifanya kazi melini.

"Mwanangu, unajua jina la hilo dekio limetoka wapi?"

"Si kwa sababu tunadekia, babu?"

"Na kudeki je?"

Martha akatikisa kichwa.

"Deki ni Kiingereza. Ni sakafu ya juu ya meli. Kila alfajiri tuliimwagia maji, tukaisugua. Sisi wa bandarini tukasema tunapiga deki. Neno likashuka melini, likaingia majumbani, mpaka likafika huku bara."

"Kumbe," Martha akasema, akikamua dekio. "Na nahodha naye alikuwa anaosha?"

Aliuliza tu. Lakini mzee aliyatazama maji machafu ya ndoo.

"Nahodha haoshi," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekuwa naosha. Miaka saba. Niliporudi watu wakaniita Nahodha, nami nikawaacha. Hata Luqmani mwanangu hajui."

Martha alimwonea huruma, kisha akajikumbuka mwenyewe.

"Mama yangu naye nilimwambia nauza dukani," akasema polepole.

Akarudi kwenye dekio lake.

Mchana Martha alimpigia mama yake simu, akamweleza kwa Kinyaturu kazi anayoifanya hasa. Mama akauliza:

"Sasa mwanangu, ulikuwa unaogopa nini?"



Ijumaa, baada ya chakula, Martha alipokuwa akitoa vyombo, alimsikia mzee akimwambia Luqmani kwamba hakuwahi kuwa nahodha. Luqmani alicheka, akidhani baba yake anatania. Mzee hakukasirika. Alianza upya, taratibu, akaeleza jinsi brashi ilivyomchubua viganja, na jinsi maji ya chumvi yalivyowasha.

Luqmani aliacha kucheka. Aliuvuta mkono wa baba yake, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kwa muda mrefu.